Maziwa Hayangoji

Ng'ombe anapokamuliwa alfajiri, maziwa hutoka kiweleni yakiwa na joto la mwili wake, kiasi cha nyuzijoto 38. Bakteria wengi hawatafuti mahali pengine pa kuzaliana pazuri kuliko hapo. Kwa saa mbili tatu za mwanzo maziwa hujilinda yenyewe, maana yamo na vimeng'enya vinavyowadumaza vijidudu. Baada ya hapo ulinzi huo huisha nguvu. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, baadhi ya bakteria huongezeka maradufu kila nusu saa, na hesabu yake ni nyepesi: kijidudu kimoja kilichoingia saa moja asubuhi huwa zaidi ya 4,000 ifikapo saa saba mchana.

Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takriban asilimia 87. Kilichobaki ni sukari, mafuta, protini na madini, yaani kila anachohitaji ndama ili akue. Bahati mbaya bakteria naye anahitaji vitu hivyo hivyo. Anayeuliza maziwa yake yana siku ngapi, afadhali aulize yamekaa kwenye joto saa ngapi.

Tatizo huanzia kwenye chombo. Mitaani bado maziwa yanabebwa kwenye dumu la plastiki, mara nyingi lile lililokuwa na mafuta ya kupikia. Mdomo wake ni mwembamba, mkono haupiti, na ndani kuna mikwaruzo ambamo mabaki ya jana hujificha yakisubiri maziwa ya leo. Wafanyabiashara makini hutumia keni ya aluminiamu au ya chuma kisichoshika kutu. Nyumbani, sufuria au chupa ya kioo yenye mdomo mpana inatosha. Kuosha chombo nako kuna mpangilio wake: kwanza maji baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha protini ya maziwa kwenye kuta za chombo, kisha maji ya moto na sabuni, halafu kifudikizwe juani mpaka kikauke. Kukifuta kwa kitambaa cha jikoni, ambacho kimeshafuta meza, ni kukichafua upya.

Kuchemsha hakuna mjadala kwa maziwa mabichi. Ndiyo njia ya kuua vimelea vya brusela, vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya homa ya matumbo. Viwandani hawafiki kiwango cha kuchemka. Njia iliyopewa jina la Mfaransa Louis Pasteur, aliyeifanyia majaribio kwenye mvinyo katika miaka ya 1860, huhitaji nyuzijoto 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15. Jikoni kusiko na kipimajoto, maziwa yakishaumuka na kupanda, moto upunguzwe na yakorogwe dakika moja au mbili zaidi.

Kosa hutokea baada ya hapo. Katika nyumba nyingi sufuria iliyochemshwa jioni huachwa juu ya jiko, imefunikwa, hadi asubuhi, kwa imani kwamba kilichochemshwa kimeshakuwa salama. Kumbe wapo bakteria wanaojifungia kwenye ganda gumu lisiloyeyuka kwa moto wa jikoni, na sufuria ikipoa polepole huamka na kuanza kazi. Dawa yake ni karai la maji baridi. Sufuria itumbukizwe humo, maziwa yakorogwe, maji yabadilishwe mara mbili au tatu, kisha maziwa yaingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Na maziwa mapya yasimiminwe juu ya ya jana. Mchanganyiko huo hurithi umri wa yale ya zamani.

Wanaonunua kwenye mashine zinazoitwa ATM za maziwa, zilizoenea katika miji ya Kenya, wanaanza na maziwa yaliyokwisha kupashwa joto na kupoozwa. Ubaridi huo hudumu kama ukilindwa njiani. Mteja akitoka na lita mbili, akapitia sokoni, akakaa kwenye foleni ya magari kwa saa nzima, akifika nyumbani ameshapoteza nusu ya faida aliyoilipia. Afadhali maziwa yawe kitu cha mwisho kununuliwa.

Ndani ya friji, mahali panapoonekana pameandaliwa kwa ajili ya maziwa ndipo pabaya zaidi: mlangoni. Kila mlango unapofunguliwa, rafu zake hupigwa na hewa ya nje. Watengenezaji wa friji wamewapotosha wengi kwa kuweka pale nafasi ya chupa. Maziwa yakae nyuma, rafu ya chini, kwenye nyuzijoto 4 au pungufu, na yafunikwe, kwani mafuta yake hunyonya harufu ya samaki na vitunguu kwa haraka ya kushangaza. Mwanga pia si rafiki. Chupa angavu ikiachwa kwenye mwanga mkali, maziwa hubadilika ladha na kupungukiwa na vitamini B2.

Maziwa ya dukani nayo hayafanani. Ya kwenye mfuko laini wa plastiki kwa kawaida yamepashwa joto la kawaida tu, na yanataka baridi tangu kiwandani hadi mezani. Mnunuzi ayaguse kwanza: mfuko usio baridi ndani ya friji ya duka ni dalili kwamba friji hiyo huzimwa usiku ili kuokoa umeme. Yale ya muda mrefu, yanayouzwa kwenye boksi la karatasi lenye tabaka za plastiki na aluminiamu, yamepashwa kufikia nyuzijoto 135 au zaidi kwa sekunde chache, kisha yakafungwa bila kuguswa na hewa chafu. Hayo hukaa kabatini kwa miezi. Lakini boksi likishakatwa, upendeleo wake umekwisha, nayo yanahitaji friji kama mengine na yamalizwe ndani ya siku chache.

Na asiye na friji? Huyu ndiye mwenye urithi mkubwa kuliko wote, kwa sababu wafugaji wa Afrika Mashariki walihifadhi maziwa karne nyingi kabla ya umeme, na njia zao zina sayansi kamili.

Wakalenjin wa Bonde la Ufa hutengeneza mursik ndani ya kibuyu kiitwacho sotet. Kibuyu huoshwa, hukaushwa, halafu ndani husuguliwa mkaa wa mti mdogo wa senetwet kabla ya kumiminwa maziwa na kufungwa kwa siku kadhaa. Moshi na mkaa huzuia vijidudu vibaya na kuyapa maziwa rangi ya kijivu na ladha yake. Wanariadha wa Kenya wanaporudi na medali, kinywaji hicho ndicho hupokelewa nacho uwanja wa ndege. Wamaasai hufukiza vibuyu vyao kwa kijinga cha moto cha mzeituni mwitu, oloirien. Kaskazini mwa Kenya, maziwa ya ngamia hubebwa kwenye vyombo vilivyofukizwa, na yale ya Isiolo husafiri kwa basi mpaka Eastleigh, Nairobi.

Kinachofanyika ndani ya kibuyu ni kwamba bakteria wema hula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Asidi ikishazidi, protini hushikana, maziwa huganda, na vijidudu vingi vinavyoleta maradhi hushindwa kuongezeka humo. Lakini hapa lazima iongezwe tahadhari: uchachu hauui kila kitu. Vimelea vya brusela huweza kuendelea kuishi siku kadhaa ndani ya maziwa mabichi yaliyoganda. Kwa hiyo maziwa ya kugandisha yachemshwe kwanza, yapoe hadi kidole kiweze kuvumilia, yatiwe vijiko viwili vya mtindi mzuri wa jana au wa dukani, yafunikwe na kuachwa usiku kucha mahali pa uvuguvugu. Asubuhi yameshika. Bila friji hukaa siku mbili tatu yakizidi uchachu; kwenye friji hupita wiki. Maji ya njano yanayojitenga juu hayana ubaya, koroga tu. Ukungu au harufu ya hamira ndiyo sababu ya kumwaga.

Njia ya pili ni kuondoa maji. Siagi ina maji kama asilimia 16, na ndiyo maana huharibika ikiachwa mezani kwenye joto. Ikiyeyushwa kwa moto mdogo mpaka maji yakauke na machicha yatue chini, ikachujwa, inakuwa samli, yenye maji yasiyofikia hata asilimia moja. Samli ya Unguja au ya Ankole hukaa miezi kabatini ndani ya kopo lenye mfuniko. Adui yake ni kijiko chenye majimaji.

Jibini nalo ni maziwa yaliyokamuliwa maji. Lile linalotengenezwa Masisi, juu ya Goma, huuzwa kwa magurudumu ya mviringo na huvumilia safari. Jibini gumu lifungwe kwa karatasi ya mafuta. Plastiki inayobana hulifanya litoe jasho. Likipata ukungu sehemu moja, likatwe kwa upana wa sentimita mbili na nusu kuizunguka na kilichobaki kiliwe. Jibini laini lenye ukungu litupwe lote.

Maziwa hugandishwa pia kwenye friza, mradi chombo kisijazwe hadi juu, kwa kuwa yakiganda hutanuka. Yayeyushwe ndani ya friji na kutikiswa. Kwa chai na uji yanafaa. Wa kuyanywa matupu huenda wakalalamika.

Umeme ukikatika, friji isifunguliwe. Ikifungwa hutunza ubaridi kwa takriban saa nne, na friza iliyojaa hufikia saa 48. Muda wa friji ukipita, siagi na jibini gumu vitaendelea kuvumilia kwa muda. Maziwa yaliyokaa saa mbili au zaidi yakiwa yamepoteza baridi yake yamwagwe, hata kama hayajakatika wala kunuka, na kuyachemsha tena hakusaidii: sumu inayoachwa na bakteria aina ya stafilokoka haina harufu, haina ladha, na haiharibiwi na moto wa jikoni.