Winta ya Banff Bila Skii: Toka Keja, Form Iko Mlimani

Mayut wa Kanairo wenye wamehamia Calgary wako na tabia moja: theluji ikianguka tu mwezi wa kumi na moja, msee anajifungia keja. Anaenda wera, anarudi, wikendi ni blanketi na simu hadi Machi. Ukimuuliza mbona hajawahi fika Banff, anakushow huko ni kwa masonko wa skii.

Manze, hapana. Banff iko kama kilomita 130 magharibi mwa Calgary, lisaa limoja na nusu kwa barabara, na vitu safi zaidi za huko hazitaki skii hata kidogo. Ni kweli skii inameza ganji: tiketi ya lifti, vifaa vya kukodi, mwalimu wa kukufunza kusimama. Lakini huo mlima ni mkubwa kuliko hizo lifti, na ukiwa na buti fiti na mbogi ya watu wawili watatu, utaona mengi.

Kwanza toa uoga. Tao ya Banff iko mita 1,383 juu ya bahari, na Nairobi iko karibu 1,800. Kilele cha Sulphur Mountain, pale gondola inashukisha watu, ni mita 2,281, na msee wa Nyahururu amekulia juu kuliko hapo. Mapafu yako yamezoea, usiingie baridi. Kenye kinaleta hiyo baridi yenyewe ni vile uko mbali na ikweta: Banff iko digrii 51 kaskazini. Disemba jua linatoka ikikaribia saa tatu asubuhi, na saa kumi na nusu jioni limeshahepa. Ndio maana form ya Banff inaanza mapema.

Anzia Johnston Canyon

Hii ni kama kilomita 25 kutoka tao, kwa barabara ya Bow Valley Parkway. Ni bonde jembamba lenye mto ulichonga kwa mwamba wa chokaa, na njia yenyewe ni madaraja ya chuma yamefungwa kwa ukuta, mto ukipita chini ya miguu yako. Maporomoko ya chini yako zaidi kidogo ya kilomita moja kutoka kwa paking. Ya juu ni kama kilomita mbili na nusu. Usiishie ya chini, juu utamu wote uko kule mbele.

Kule juu ukuta mzima unakuwa nguzo za barafu, zingine buluu, zingine zimeingia rangi ya manjano juu ya madini. Ukisimama kimya karibu na hizo nguzo, unaskia maji yakishuka ndani yake, yamefunikwa lakini hayajalala. Siku zingine unapata wasee wanapanda hiyo barafu, shoka mkono huu na mkono ule, miba mirefu kwa ndula. Kila wakigonga, vipande vinamwagika chini vikilia kwa mwamba. Unaweza kaa hapo nusu saa ukiangalia tu, na hakuna mtu anakuitisha kitu.

Kitu moja usisahau: miba midogo ya chuma ya kuvalisha buti. Maduka ya tao zinakodisha. Bila hiyo utateleza kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kanyaga ziwa

Lake Louise iko kama kilomita 57 kutoka Banff, na basi za Roam zinafika huko, kwa hivyo hata kama huna gari, huna sababu. Kila winta hoteli ya pale mbele inasafisha uwanja kwa barafu ya ziwa, watu wanateleza na viatu vya visu, na katikati wanajenga kasri ya barafu. Januari kunakuwa na mashindano ya kuchonga barafu, unaona mafundi wakitoa tai na farasi kwa bonge la barafu wakitumia misumeno na patasi. Hujui kuteleza? Tembea kando ya ziwa kama kilomita mbili hadi mwisho, kuna maporomoko yameganda yakining'inia kwa jabali. Hiyo ni bure.

Na usiseme barafu si yetu. Wasee wa timu ya Kenya Ice Lions walijifunza hoki ya barafu kwa rinki ya hoteli ya Panari, Mombasa Road. Mwaka wa 2018 waliletwa Kanada, na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, majina mazito kabisa ya hiyo gemu, wakavaa jezi za Kenya wakacheza nao. Wasee wa Nairobi walifika hapo wakianzia kwa uwanja mdogo wa ndani ya hoteli, na wewe umepewa ziwa zima.

Kuna barafu ingine ya maziwa yenye hayajasafishwa na mtu, kama Vermilion Lakes kando ya tao na Lake Minnewanka. Kabla theluji ifunike, barafu inakuwa safi hadi unaona chini. Ndani yake kuna mapovu meupe yamepangana, moja juu ya ingine. Hiyo ni gesi: mimea inaoza chini ya ziwa, gesi inapanda, barafu inaishika kabla itoke. Baridi ikizidi, barafu inajikaza, inapasuka na kulia, sauti inatoka upande mmoja wa ziwa ikapita chini yako hadi ule mwingine. Mara ya kwanza utashtuka, halafu utataka kuiskia tena.

Lakini hapa hakuna kubahatisha. Kanuni ni sentimita 15 za barafu kwa mtu mmoja kutembea au kuteleza, na 20 kama mko mbogi. Pande zingine za Vermilion kuna chemchemi zinaingia, na barafu ya hapo ni nyembamba hata baridi ikiwa kali. Kama hujui unene, baki ufuoni. Hakuna picha inalipa maisha yako.

Maji moto, kichwa na theluji

Hii tao ilianza juu ya maji moto. Mwaka wa 1883 wafanyakazi watatu wa reli walipata pango lenye maji moto chini ya Sulphur Mountain, mahali Wastoney Nakoda na jamii zingine za huku walikuwa wanajua kitambo sana. Kelele za nani anamiliki zikaanza, na 1885 gava ikatenga hilo eneo. Hapo ndipo mbuga ya kwanza ya taifa ya Kanada ilizaliwa.

Pango bado liko, linaitwa Cave and Basin. Unaingia kuona na kunusa, lakini kuoga hairuhusiwi. Kwa hayo maji kunaishi konokono mdogo, hazidi punje ya mahindi, na hapatikani pengine popote duniani isipokuwa chemchemi za huu mlima. Mkono wako ukiwa na mafuta ya kujipaka tu unaweza mharibia maisha. Muache.

Kuoga ni Upper Hot Springs, mita 1,585 juu. Maji ni kati ya digrii 37 na 40, na dimbwi liko nje, chini ya anga. Kutoka chumba cha kubadilisha hadi majini ni hatua chache zenye zitakufanya ukimbie, halafu unazama hadi shingo na mwili wote unaachilia. Mvuke unapanda, unashika nywele, unaganda hapo hapo. Dredi na rasta zinakuwa nyeupe kila nyuzi, hata kope zinashika unga wa barafu, na wewe chini umepoa kabisa. Kama hukubeba nguo ya kuogelea au taulo, wanakodisha.

Kilele

Gondola ya Sulphur Mountain inakupandisha kwa dakika 8, lakini tiketi yake si ndogo. Kama umesota, kuna njia ya miguu ya kilomita 5 na nusu, inazunguka zunguka msituni hadi juu. Msee mmoja anaitwa Norman Sanson alikuwa anaipanda kuangalia kituo cha hali ya hewa kilichojengwa huko juu 1903, na alipanda zaidi ya mara 1,000, winta na kiangazi. Kama hiyo ni ndefu, chukua Tunnel Mountain, unaanzia tao kabisa. Ni mita 1,692, na ukifika unaona Banff yote na mto Bow ukiwa mweupe.

Ukishuka, pita Banff Avenue ununue BeaverTail: unga umenyooshwa bapa kama chapo nene, umekaangwa, ukapakwa sukari na mdalasini. Kula ikiwa moto.

Kudunga na kujichunga

Pamba ikilowa jasho inakugandisha, kwa hivyo nguo ya ndani iwe sufu au ile ya mazoezi inakauka haraka. Katikati sweta nzito, juu jaketi ya kuzuia upepo. Marvin lazima ifunike masikio. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, juu baridi inamaliza chaji haraka.

Gari iwe na tairi za winta, na mbuga inadai pasi ya kuingia. Kulungu wakubwa wanatembea hadi barabara za tao, waachie mita 30, na mbwa mwitu mita 100. Baki kwa njia zimewekwa alama, juu huko kando theluji inaporomoka.

Mbona nasisitiza hivi? Winta ya Alberta inaweza chukua miezi mitano. Ukingoja kiangazi ndio uanze kuishi, kila mwaka unauza karibu nusu yake. Giza, wera na keja peke yake zinakula msee polepole, na wengi wetu huku hatubongi hiyo stori hadi mtu amezama. Siwezi kushow mlima ni dawa ya kila kitu, lakini siku moja nje na watu wako, ukitembea na kucheka, inarudisha mtu.

Kwa hivyo Jumamosi hii panga gari, mchange mafuta, mtoke Calgary saa moja asubuhi. Na kama kuna kiti kimebaki, pigia yule mgeni wa mtaa amekam Septemba na bado hajajua mtu. Mkodie miba ya buti, umtangulize mbele kwa madaraja ya Johnston.