Saa za Urubani Zina Soko Lake, Mnunuzi Apime Kwanza

Kijana anayehitimu urubani nchini Marekani huweza kupata leseni ya biashara akiwa na saa 250 za kuruka katika daftari lake. Mashirika makubwa ya abiria yanamtaka awe na 1,500. Pengo hilo la saa 1,250 limezaa biashara kamili, yenye wauzaji, madalali na wanunuzi, na nyuma ya wanunuzi wapo wazazi waliokopa benki.

Bei ilipandishwa na sheria. Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air iliyotoka Newark ilianguka karibu na Buffalo na kuua watu 50, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba yake. Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka uliofuata, na kuanzia Agosti 2013 rubani msaidizi naye akatakiwa kuwa na saa 1,500. Waliotoka jeshini hupunguziwa hadi 750, na wenye shahada ya urubani kutoka vyuo vilivyokubaliwa hadi 1,000.

Wauzaji wa saa hawapendi kukumbushwa kwamba rubani mkuu wa ndege ile alikuwa na saa 3,379 na msaidizi wake 2,244. Idadi haikuwa tatizo. Uchunguzi ulionyesha kuwa rubani mkuu alivuta usukani pale alipopaswa kuusukuma, ndege ikapoteza nguvu ya kuelea. Huko nyuma alikuwa amelipia mwenyewe mafunzo na nafasi ya kuketi kiti cha kulia katika shirika dogo la Florida.

Kwa mnunuzi, hesabu ni nzito. Ndege ndogo aina ya Cessna 172 ikikodiwa kwa dola 150 kwa saa, saa 1,250 ni dola 187,500. Wenye akili ya soko hugawana. Mmoja huvaa kizuizi cha macho na kuruka kwa kutazama vyombo tu, mwenzake humlinda kwa kutazama nje, na kanuni za Marekani zinawaruhusu wote wawili kuandika muda huo kama marubani wakuu. Kodi inagawanyika nusu kwa nusu. Ni halali, ingawa mwajiri akiona daftari lote limejaa saa za namna hiyo huanza kuuliza maswali.

Njia iliyo nafuu kuliko zote ni ualimu. Mwanafunzi hulipia ndege, mwalimu hupokea ujira na saa anaandikiwa. Wengine huvuta mabango ya matangazo, hubeba waruka kwa miavuli au hupiga picha za ardhi. Saa inayopatikana hivyo ina thamani ileile mbele ya sheria, na mbele ya mwajiri ina thamani zaidi.

Ulaya bidhaa ni nyingine. Huko msaidizi halazimiki kufikisha saa 1,500, hivyo kinachouzwa ni mafunzo ya Boeing 737 au Airbus A320 pamoja na saa 500 hivi za kazi, abiria wakiwa nyuma. Shirika linapokea nauli kwa abiria na ada kwa rubani katika safari moja. Chama cha marubani wa Ulaya kimepinga mpango huo kwa miaka mingi.

Mtego mkubwa upo kwenye mizani. Ndege iliyothibitishwa kurushwa na rubani mmoja, kama Cessna Caravan inayojulikana sana katika safari za mbugani Kenya na Tanzania, haimhitaji msaidizi kwa asili yake. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), pale nchi inapolazimisha msaidizi awepo, muda wake huhesabiwa si zaidi ya nusu kuelekea leseni ya juu. Pale asipolazimika kuwepo, kiti cha kulia ni kiti cha abiria mwenye mandhari nzuri. Anayelipia saa 500 za aina hiyo huenda akavuna 250, au asivune kitu. Kabla ya kutoa malipo ya awali, mzazi adai maandishi yanayoonyesha saa zitaandikwa kwa cheo gani, kwa kanuni ya nchi ipi, na fedha zitarejeshwaje iwapo kampuni itafunga.

Ajira nazo hupanda na kushuka. Mwaka 2009 ilibainika kuwa msaidizi wa Colgan alilipwa kadiri ya dola 16,000 kwa mwaka. Mwaka 2022, uhaba wa marubani ulipobana, mashirika madogo yaliyo chini ya American Airlines yalipandisha mshahara wa msaidizi mpya hadi dola 90 kwa saa. Kufikia 2024 mashirika mengi makubwa ya Marekani yalikuwa yamepunguza kasi ya kuajiri, huku Boeing ikichelewa kukabidhi ndege. Waliokopa 2022 kwa kutazama mishahara ile walifikisha saa zao foleni ikiwa imerefuka, na marejesho ya benki yakiwa yamekwisha kuanza.