Nyasi za mwituni zenye bei: fursa ya mbegu kwa wafanyabiashara wa Kismayo

Ng'ombe anayetolewa Afmadow kwenda soko la Garissa akifika amekonda, mnunuzi humtazama mbavu kwanza, kisha hutaja bei. Kwa hiyo malisho ni suala la biashara, si la mfugaji peke yake.

Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo na mamilioni ya mifugo ikafa katika Pembe ya Afrika. Hata hivyo, ukanda huu una nyasi zake zinazovumilia ukame. Mojawapo ni Cenchrus ciliaris, ambayo Wakamba huiita ndata kivumbu. Humea mwituni katika nyanda kame za Somalia, Kenya na Tanzania, na mizizi yake mirefu huisaidia kuchipua tena baada ya kuliwa.

Wageni waliitambua thamani yake mapema. Nchini Australia, aina iitwayo Biloela ilitokana na mbegu za Dodoma zilizopelekwa huko miaka ya 1930. Leo nyasi hii ni malisho makuu katika sehemu kubwa ya Queensland.

Kwetu pia kazi imeanza. Nchini Kenya, kituo cha utafiti cha KALRO huko Kiboko, Makueni, kimeshughulikia nyasi za asili kwa miaka mingi, na wakulima wa ukanda huo huvuna mara mbili katika shamba moja: mbegu kwanza, kisha marobota ya nyasi kavu.

Anayetaka kuingia katika biashara hii ajue masharti yake. Mbegu ni nyepesi na zina vinyweleo, hivyo gunia kubwa huweza kuwa na uzito mdogo. Nunua kwa kilo, si kwa gunia. Mbegu mpya hazioti vizuri mpaka zikae miezi kadhaa, na zikifukiwa kina kirefu hazitoki. Muulize muuzaji tarehe ya kuvuna, kisha jaribu kuotesha mbegu 100 kabla ya kulipa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kuna tahadhari pia. Huko Arizona, Marekani, nyasi hii imevamia jangwa na kueneza moto. Visiwa vidogo vya Bajuni, kama Koyama na Chula, visifanywe shamba la majaribio. Kwa mbuzi wa huko, ni heri kupakia jahazini marobota yaliyokatwa kabla nyasi hazijatoa mbegu.

Somalia ilikamilisha uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 4, 2024, lakini uanachama haufuti ukaguzi. Mbegu zinazoingia Kenya zinahitaji kibali cha KEPHIS na cheti cha afya ya mimea kutoka zilikotoka. Anayeanza kuvuna na kuweka kumbukumbu sasa atakuwa na bidhaa mkononi ukame ujao utakapobisha hodi.