Nani Anamtazama Mtoto Baharini?

Jumatatu ya Pasaka na siku za Krismasi, mabasi ya kwaya na jumuiya huelekea Bagamoyo, Kunduchi na Mbezi. Ni jambo jema familia kupumzika pamoja. Lakini mama mwenzangu, kabla ya kutandika mkeka mchangani, jiulize: nani hasa anawatazama watoto?

Mara nyingi jibu ni "sisi sote", na hapo ndipo hatari inapoanzia. Baba anadhani mama yupo, mama anadhani dada wa nyumbani yupo, dada anadhani shangazi yupo. Mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele: mdomo umo majini, pumzi hana, hawezi kuita. Dakika chache zatosha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Yajue maji ya kwetu

Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na kujaa hupita meta 3. Siku hizo bahari hupwa kiasi cha saa 4 asubuhi na kujaa kiasi cha saa 10 jioni. Mkifika Bagamoyo asubuhi mtaona mchanga mtupu hadi mbali, na watoto watakimbilia mafungu yaliyo mbele. Mchana maji hurudi kwa kupitia mabonde yaliyo nyuma yao, na njia waliyoipita kwa miguu hugeuka kina. Pasaka daima huja baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo miaka mingine huangukia katika bamvua. Waulizeni wavuvi saa za maji kabla ya kuwaachia watoto.

Mambo ya kufanya

Kwanza, wekeni zamu. Mtu mzima mmoja, kwa nusu saa, asipakue chakula, asishike simu, asipige soga. Akimaliza, amkabidhi mwingine kwa jina.

Pili, mtoto asiyejua kuogelea asiwe mbali zaidi ya mkono wako unapofika.

Tatu, mpira wa gari uliojazwa upepo si mlinzi. Upepo na mkondo huusukuma hadi kwenye kina.

Nne, mtoto mkubwa asiachiwe kulinda wadogo zake majini.

Tano, mtu akizidiwa, mrushie kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Usimfuate kama hujui kuogelea.

Akitolewa majini

Usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui, inua kidevu chake, mbane pua, mpulizie pumzi mdomoni mara 5. Asipozinduka, mbonyeze kwa nguvu na haraka katikati ya kifua mara 30, kisha mpulizie mara 2. Endelea hivyo hadi apumue au msaada ufike. Hata akizinduka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani mapafu huweza kumsumbua saa kadhaa baadaye.

Basi, tukimaliza sala ya safari, tutaje papo hapo majina ya wenye zamu. Watoto ni amana tuliyopewa na Mungu. Tuwaombee, na macho yetu yawe majini.