Taarifa ya Rufaa: Mzee Anapohamishiwa Hospitali

Taarifa ya rufaa humhusu kwanza mzee mwenyewe: ana haki ya kuambiwa anaumwa nini, anapelekwa wapi na kwa nini. Nchini Marekani, sheria ya 1987 inayosimamia vituo vya kutunzia wazee inataka mkaazi anayepelekwa hospitali apewe maandishi, na ndugu au mwakilishi wake pia, kueleza kitanda chake kitashikiliwa kwa muda gani. Mantiki yake ni nzito: kwa mkaazi, kitanda hicho ndicho nyumbani.

Mkoani Mara, Tanzania, hali ni tofauti: makazi ya wazee ya serikali yako Nyabange, nje ya wilaya za Tarime na Serengeti, na Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaitanguliza familia katika matunzo. Kwa hiyo mzee wa wilaya hizi kwa kawaida huondokea nyumbani kwake. Huanzia zahanati au kituo cha afya, akafika hospitali ya Nyamwaga, ya Mji wa Tarime au ya Nyerere pale Mugumu, kisha Musoma; aliyezidiwa hupelekwa Bugando, Mwanza. Barua ya rufaa humfuata, ila hiyo ni ya daktari kwa daktari. Waliobaki nyumbani haiwafikii.

Nani basi apigiwe simu? Fomu huuliza ndugu wa karibu, na mwandikaji hutarajia mume au mtoto wa kiume. Lakini Wakurya wa huko wana desturi ya nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari mwanamke kijana, na watoto wa huyo kijana huhesabiwa wa mji wake. Anayemwogesha mzee na kujua amemeza dawa gani asubuhi ni mke huyo. Akiandikwa “jirani”, simu itakwenda kwa mpwa aliye mbali, na wodini hakuna atakayeweza kueleza dawa hizo. Ni kosa kubwa, na huepukika kwa swali moja: “Mama, nani anakuuguza nyumbani?” Aulizwe kwa Kikurya, Kingoreme au Kiikoma, kama Kiswahili kinampa shida.

Simu ipigwe kabla gari halijaondoka, itaje hospitali na anayemsindikiza. Asiye na ndugu, ajulishwe afisa ustawi wa jamii. Kwa mzee wa makazi, mfawidhi ndiye wa kupigiwa, siku ya kulazwa na pia siku ya kuruhusiwa, ili gari la kumrudisha lipangwe mapema.