Mfuko Wenye Jina la Duka Langu

Duka langu liko Nyasho, mjini Musoma. Nauza mchele, dengu, dagaa na sabuni kama wenzangu, lakini kinachonipa jina ni unga: wa muhogo mtupu, na wa muhogo uliochanganywa na mtama kwa ugali mzito wa kulia sato. Makopa, yaani muhogo mkavu, huletwa na akina mama wa Butiama, mtama unatoka Bunda. Nasagisha, nafungasha, nabandika lebo ya duka. Anayeuza soda ya kampuni hana uwezo wa kuchagua chupa. Mimi nachagua kila kitu, kuanzia nailoni hadi gundi ya lebo, kwa hiyo mfuko wangu ukikutwa unaelea kwenye mwalo wa Mwigobero, wa kuulizwa ni mimi.

Tangu 1 Juni 2019, rambo zilipopigwa marufuku, wengi wanaamini sheria ilihusu mfuko wa kubebea tu. Kanuni zilezile zinakataza pia kuuza bidhaa iliyofungwa kwa plastiki, isipokuwa asili ya bidhaa yenyewe inadai hivyo. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia dukani. Unga unadai, maana muhogo uliosagwa hunywa unyevu wa hewa ya ziwa na kuota ukungu. Sabuni ya mche haidai. Vitunguu havidai kabisa, vinataka hewa.

Kuna wakati nililetewa mifuko ya kaki yenye dirisha na zipu, mizuri kwa macho, nikaambiwa kwamba inaoza yenyewe. Niliuloweka mmoja kwenye beseni usiku kucha. Asubuhi kaki ilibanduka kwa vidole, ndani ukabaki utando wa nailoni na mwingine unaong'aa kama bati. Karatasi peke yake ingeoza. Nailoni ya aina moja ingeweza kuyeyushwa na kufanywa kitu kingine. Zikishagandishwa pamoja, hapa kwetu hakuna wa kuzitenganisha, na mfuko huo huishia shimoni au kwenye moto wa uani, moshi wake ukivutwa na watoto. Rangi ya kaki imewafanya wateja wengi waamini wananunua kitu rafiki kwa mazingira, na jambo hilo linaniuma.

Linaniuma zaidi kwa sababu tunaishi kwa samaki. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza: katika kila aina, samaki 20 kwa 100 walithibitishwa kuwa na vipande vidogo vya plastiki tumboni. Miongoni mwavyo ilikuwamo polithini, ambayo ndiyo nailoni yetu ya kufungashia. Ziwa ni lilelile.

Basi natumia nailoni ya aina moja, isiyo na rangi wala maandishi, na lebo ndogo ya karatasi yenye jina la bidhaa, viambato, uzito, tarehe na mahali unga ulikotengenezwa. Maelezo yakibadilika nachapisha lebo nyingine, mifuko haitupwi. Robo kilo nimeacha kufungasha. Pakiti tano za kilo moja hula nailoni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya mfuko mmoja wa kilo tano, kama unene ni uleule.

Wanaonifurahisha ni wanaokuja na ndoo. "Mama, nipimie kilo nne," nami napima, nabandika lebo juu ya mfuniko na kuandika tarehe kwa kalamu. Wazee wetu walinunua mafuta ya taa na ya kula hivyohivyo, chupa mkononi. Sharti langu ni moja: ndoo iwe kavu, la sivyo unga utaharibika na lawama zitarudi kwangu. Viroba vya makopa navyo hurudi Butiama kujazwa tena, mpaka nyuzi zianze kuchomoka. Hapo navitoa kwenye chakula, vinakuwa vya mkaa.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisitumie mifuko ya kitambaa, na pamba ya Bunda iko jirani. Mfuko huo una maana ukirudi dukani mara nyingi sana. Pamba imekula dawa, maji na jasho la mkulima; kuitumia mara moja ni hasara kubwa kuliko nailoni.

Wenye maduka makubwa wana nguvu hii ya kuchagua vifungashio kwa wingi. Mwaka 2020 Tesco ya Uingereza iliondoa nailoni iliyokuwa ikifunga pamoja makopo kadhaa ya vyakula, yakiwemo yenye nembo yake yenyewe. Mteja hakupoteza kitu.

Kwangu shida iliyobaki ni nailoni iliyokwisha kazi. Anayepita kununua chupa za maji na ndoo zilizovunjika haipimi: ni nyepesi, na ina unga. Wenye maduka wa Musoma, Bunda na Butiama tukifungashia aina moja, tukaikung'uta na kuikusanya, mzigo utakuwa na uzito wa kumvuta mnunuzi. Nimeshazungumza na wenzangu wa Bunda. Mmoja ameuliza nani atalipia usafiri mpaka siku hiyo, na swali lake ni la haki. Tumekubaliana kuanza na gunia moja kila duka.