Subaru Ikianza Kubisha

Ka Subaru yako imeanza kubisha huko chini, ile ko-ko-ko inapanda venye unaongeza mafuta, zima hiyo ndai hapo hapo. Usiseme unaipeleka polepole hadi Kawangware ju fundi wako ako karibu. Mara mob hiyo ni bearing ya konrodi imededi. Chuma inagonga chuma, na kila steji unapita unatoka kwa bei ya kurepea unaingia kwa bei ya injini ingine. Tafuta gari ya kukuvuta.

Mayouth wa Kibich na Kawangware hawakuanza kuchizi na hizi moti jana. 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally na Subaru Vivio, kale kadinga ka injini haifiki cc 700, akabeba klasi yake. 1997 Colin McRae akashinda Safari yenyewe na Impreza. Mabuda walibonga hizo story, watoi wakashika. Sasa zile Impreza za kitambo, GC8 za 1992 hadi 2000, hauezi agiza tena, ju KEBS inakataa gari yenye imepitisha miaka 8. Zenye ziko mtaani ndio hizo. Injini peke yake ndio bado zinatoka Japani, kwa sababu huko kupitisha gari mzee inspekshoni ni ghali, so wasee wanaziachilia mapema. GC8 ya hapa inaishi ama inageuka mabati kulingana na fundi mwenye ataishika.

Injini yake ni EJ20, cc 1,994, pistoni nne zimelala, mbili kila upande, zinarushiana ngumi ka mabondia. Uzito unakaa chini na ndio maana ndai inashika kona vipoa. Lakini bloki ni fupi, so bearing za krenki ni nyembamba, na hizo zinaishi kwa oili tu. EJ20 ya turbo ikizeeka inakulanga oili, na inaweza isikuonyeshe moshi ya maana. Msee anatoka Toi Market, anapaa Ngong Road usiku, dipstiki hajawai vuta. Oili ikiwa kidogo na kona iwe kali, yote inakimbilia upande moja, paipu ya chini inanyonya hewa. Sekunde chache zinatosha. Alafu kuna petroli. Impreza za WRX na STI za Japani zilisetiwa na petroli ya oktani 100 hivi, yetu iko chini ya hapo. Ukiongeza busti bila kuseti kompyuta upya, petroli inalipuka kabla ya taim na pistoni inakatika pale kwa ringi.

Sasa, kufungua injini urepee ama kubadilisha? Mimi niko upande ya kufungua, bora krenki na bloki ziko sawa. Krenki ikiwa imekwaruzwa kiasi, inasagwa, unaweka bearing ya andasaizi ya mm 0.25. Hedi inapimwa ka imepinda, inakwanguliwa, gasketi mpya inaingia. Hapo ndio utajua fundi ni nani. Ka anakaza bolti za hedi na nguvu ya mkono, hama. Hii bloki ni ya alumini, inataka toki renchi, na kukazwa kwa awamu vile kitabu inasema. Ukishamaliza, unajua kila kitu yenye iko ndani.

Injini ya Japani unanunua ukiwa kipofu kiasi. Tao pale Kirinyaga Road, yenye wasee bado wanaita Grogan, utapata injini zimepangwa, zimeoshwa, zinang'ara. Kung'ara haikuambii kitu. Omba silinda zote nne zipimwe kompresheni, zikuwe karibu sawa. Fungua filta ya oili, ikate, tandaza karatasi yake kwa jua. Ukiona vumbi inametameta ka glita, achana nayo hata ka muuzaji anakuapia. Ka doo iko, nunua nosikati, ile pua mzima ya gari yenye imekatwa ikakuja na injini, waya na kompyuta yake, ju vitu zinaelewana tangu Japani.

Kitu inaniuma zaidi ni hii. Msee anasaka munde mwaka mzima, anabadilisha injini, na baada ya wiki chache ile ko-ko-ko inarudi. Anadai aliuziwa takataka. Mara mob hakuuziwa. Bearing ya kwanza ilipokufa ilisagika, ule unga wa chuma ukajificha ndani ya kula ya oili (ile ya kuipoza), kwa turbo na kwa paipu zake. Injini mpya ikawashwa, ikanywa uchafu wa ile yenye imededi. Kula ya oili kuisafisha hadi ndani ni ngumu, ibadilishe tu. Paipu zioshwe, turbo ifunguliwe. Ukikuta mafundi Kawangware, cheni bloki imening'inia kwa mabomba matatu, wanakuambia hiyo kazi inaongeza siku mbili, waachie hizo siku na uwalipe. Wamebeba elimu yenye haiko kwa cheti, na ganji yao ndio wasee hukatanga kwanza wakitafuta ya egzosi ya kelele.

Na ka umebadilisha injini, namba mpya lazima iingie kwa logbook, so pitia NTSA na risiti ukiwa nazo. Sanse akikusimamisha namba zikikataa kulingana, iyo ni ngori ya bure.

Ikiwaka, usiikanyage. Kilomita 1,000 za kwanza revu zikuwe chini, uzibadilishebadilishe, turbo usiite. Alafu mwaga oili, kata tena ile filta. Ikiwa safi, toka Dagoretti Corner na Ngong Road, shika Southern Bypass, sasa ifungulie.